Mashavu ya Castory

Thobias Ndahani hakuwa mtu wa kupiga hodi nyumbani kwake. Akitoka shambani, alisimama nje ya ua wa miiba, akajikohoza kama askari, kisha akaita, "Nani analinda nyumba hii?"

Mtoto wake alijibu kutoka ndani, "Ni mimi, Castory Thobias Ndahani, na zabibu zote ni zangu."

Hapo ndipo baba aliruhusiwa kuingia. Castory alikuwa na miaka minne, na kazi hiyo ya ulinzi aliifanya kwa moyo. Mchezo ukiisha, mama yake, Emilia, alileta maji ya kunawa, na watu wakakaa kula.

Familia hii iliishi Hombolo, mkoani Dodoma. Walilima uwele wa kula na zabibu za kuuza. Bibi Anjelina, mama yake Thobias, aliishi nao. Yeye ndiye aliyesimamia sahani ya mjukuu wake, na hakuwa msimamizi wa mchezo.

"Zamani huyu alikuwa anadonoadonoa kama kifaranga," alisema, huku akimwongezea Castory ugali na mlenda. "Sasa mtazameni. Mtoto ana mashavu."

Ni kweli, Castory alikuwa na mashavu. Yalikuwa ya duara, yamejaa na yanang'aa. Kliniki, akina mama walimbana Emilia kwa maswali. "Mama Castory, huyu unamlisha nini?" Emilia alitabasamu tu. Jibu lilikuwa kwenye uji.

Mambo yalianza msimu wa mvua. Castory alishikwa na kikohozi, kifua kikawa kinalia filimbi kila anapopumua. Haikuwa mara ya kwanza. Wakampeleka kituo cha afya. Mganga wa pale alikuwa Bashiri, mtu wa Kondoa, ambaye kila mtu alimwita daktari. Bashiri alisema mtoto ana pumu. Alimtibu, kisha akampa Emilia vidonge vidogo vyeupe. Alimwambia ampe kila asubuhi mpaka viishe, na vikiisha basi.

Kifua kilitulia. Lakini mtoto pia alianza kula. Alimaliza chakula chake, akaomba na cha bibi.

Vidonge vilipokwisha, Emilia alisikitika. Miaka ile ilikuwa miaka ya ruksa. Kila aliyeweza kufungua duka alifungua. Hamidu, aliyekuwa akiuza betri na sabuni, naye alianza kuuza dawa katika kibanda kilekile. Emilia alimpelekea bahasha tupu ya vidonge. Hamidu akasoma jina lililoandikwa, prednisoloni, akashusha kopo.

"Hivi wengi wanachukua," alisema. "Ni vidonge vya hamu ya kula. Mpondee kimoja kwenye uji kila siku."

"Havina madhara?" Emilia aliuliza.

"Vingekuwa sumu, hospitali wangekupa?"

Emilia alimweleza mumewe. Thobias hakuona ubaya. Nani anakataa mtoto wake anenepe? Bibi Anjelina ndiye aliyeukoroga uji huo kwa mkono wake. Kwa hiyo msimlaumu Emilia peke yake. Nyumba nzima iliafiki.

Miezi ikapita. Kisha Hamidu akapata msiba Kondoa. Alifunga kibanda, akaondoka. Uji wa Castory ukawa uji mtupu, na hakuna aliyelifikiria sana jambo hilo.

Siku moja Thobias alirudi kutoka shambani, akasimama nje ya ua. "Nani analinda nyumba hii?"

Kimya.

Akaita tena. Alidhani mtoto amejificha. Badala yake alitoka Emilia, khanga imelegea, macho yamemtoka. "Njoo umwone," alisema. "Anatapika tangu asubuhi. Sasa hata kukaa hawezi."

Castory alikuwa amelala mkekani. Mashavu yake yalikuwa vilevile, ya duara. Lakini ngozi ilikuwa ya baridi, imelowa jasho, na alipoinuliwa mkono, mkono ulianguka. Kumwona mtoto mnene kiasi kile akiwa hana nguvu kiasi kile kuliwaogopesha wote. Walikuwa hawajawahi kuona ugonjwa wa namna hiyo.

"Ni macho ya wale wanawake wa kliniki," Bibi Anjelina alisema. "Wamemsifu mno mjukuu wangu."

Thobias hakungoja. Alimfunga mtoto mgongoni kwa khanga ya mama yake, akapanda baiskeli. Emilia alikimbia nyuma, viatu mkononi.

Bashiri alimpima mtoto haraka. Akamtundikia maji. Kisha akawageukia wazazi. "Amekuwa akinywa dawa gani?"

Emilia alitazama sakafu. Alimwogopa mumewe, alimwogopa daktari, aliwaogopa watu waliokuwa kwenye benchi. Lakini alimwogopea mtoto zaidi. Akasema, "Vile vidonge vyako vyeupe. Niliendelea kununua. Kila siku, kwenye uji. Sasa ni siku kadhaa hapati."

Bashiri hakumkemea. Alikwenda kabatini, akarudi na sindano, akamdunga mtoto. Ndipo akavuta kigoda.

"Mama Castory, asante kwa kusema. Umenirahisishia kazi," alisema. "Sikilizeni. Mwili wa kila mtu una kiwanda kidogo, juu ya figo. Kinatengeneza kitu kinachofanana na vidonge hivyo. Bila kitu hicho hatuna nguvu. Sasa, mnakumbuka mitumba ilipoingia kwa wingi? Viwanda vya nguo vilifanya nini?"

"Vilifungwa," Thobias alijibu.

"Basi ndivyo ilivyo. Mmemletea mtoto mitumba kila siku, miezi yote hii. Kiwanda chake kikaona hakina kazi, kikafunga. Halafu mitumba ikakatika ghafla. Sasa hana ya nje, hana ya ndani."

"Na mashavu?" Emilia aliuliza.

"Yale hayakuwa afya. Ukinywa vidonge hivi muda mrefu, uso unavimba. Na mtoto anaweza asirefuke, na magonjwa mengine yakamwingia kirahisi."

Emilia alijifunika uso kwa khanga, akalia. Aliyakumbuka maneno ya kule kliniki, na namna alivyokuwa akifurahi.

Castory alipelekwa hospitali ya mjini. Alipona. Kule madaktari walimrudishia vidonge vilevile, kisha wakavipunguza kidogokidogo kwa wiki nyingi, hadi kiwanda chake kikafunguka tena, wakaviacha kabisa. Thobias alitazama jambo hilo bila kulipenda. Siku ya mwisho walipofika nyumbani, alisema mbele ya mama yake na mkewe, "Kidonge kile hakitavuka tena mlango wangu. Anayekitaka akakae nacho kwao."

Maneno hayo yalimchoma Emilia.

Mashavu ya Castory yalipungua. Miguu ilirefuka. Ulinzi wa nyumba ukaendelea kama zamani, na Thobias akaanza kusahau hofu yake. Ikaja kazi ya salfa.

Wakulima wa zabibu wanaijua. Mizabibu ikishapogolewa na kuchipua, huingiliwa na ubwiri unga, ugonjwa unaofanana na unga mweupe juu ya majani. Dawa yake ni salfa, vumbi la njano. Watu wa Hombolo waliitia kwenye mfuko wa kitambaa chepesi, wakapita asubuhi upepo haujaamka, wakiutikisa mfuko juu ya kila mzabibu. Ukitoka shambani, nyusi zako ni za njano.

Castory aliomba na yeye atikise. Bibi Anjelina, ambaye hajawahi kumnyima kitu, alichukua soksi kuukuu ya Thobias, akaijaza salfa, akaifunga kamba. Mtoto akawa anakimbia kati ya mistari ya mizabibu akiipiga soksi yake hewani. Vumbi lilimfunika kichwa. Wakubwa walimtazama, wakacheka.

Walipofika katikati ya shamba, Thobias hakumsikia tena. Aligeuka. Castory alikuwa amechuchumaa, mikono juu ya magoti, mdomo wazi.

"Castory?"

Mtoto alimtazama tu. Kila alipovuta hewa, ngozi ya katikati ya mbavu ilibonyea ndani. Matundu ya pua yalipanuka. Kifua kilikuwa kinalia ile filimbi, nyembamba, ndefu, isiyokwisha.

Thobias alimbeba, akakimbia. Baiskeli ile ile, njia ile ile, na safari hii mtoto hakuwa kimya mgongoni. Safari nzima Thobias alisikia kila pumzi ikitafutwa. Aliogopa kuisikia, na aliogopa zaidi isije ikanyamaza.

Kituoni Bashiri alimkalisha mtoto wima mapajani mwa Emilia, aliyewafuata mbio. Alikuwa na kopo dogo la dawa ya kupuliza, na chupa ya plastiki iliyotobolewa chini. Alichomeka kopo kwenye tundu, mdomo wa chupa akauweka kwenye mdomo wa mtoto. Akapuliza, akamwacha avute taratibu. Akapuliza tena, na tena. Filimbi ilipungua kidogo. Baada ya muda ikarudi.

Bashiri akafungua bahasha. Akaponda kitu kwenye kijiko, akatia maji. Thobias aliuona ule weupe. Akamshika daktari mkono, kijiko kikabaki hewani.

"Ni nini hicho?"

"Ni prednisoloni, baba Castory."

"Daktari, nakuheshimu sana. Lakini hicho hapana. Mpulize tena kwa chupa."

"Nitampuliza tena. Ile inalegeza misuli ya njia ya hewa, na inafanya kazi upesi. Lakini ndani njia imevimba. Uvimbe unashushwa na hiki."

"Hicho ndicho kilichotaka kumuua."

"Kilichotaka kumuua ni kumpa kila siku bila sababu, kisha kukata ghafla. Hapa nampa kwa siku tatu. Nikiona bado, labda tano. Halafu basi. Kwa siku hizo kiwanda hakifungi."

"Na kila akikohoa utampa?"

"Hapana. Mtoto mdogo akiwa na mafua na filimbi kidogo, lakini anacheza na anakula, simpi hiki. Huyu ana pumu, na imembana vibaya. Tena huyu anakihitaji kuliko mwingine. Kiwanda chake kimefunguliwa juzi tu. Katika shida kama hii huenda kisiweze peke yake."

Thobias hakuachia mkono. Vumbi la njano lilidondoka kutoka mikononi mwake kwenye koti jeupe la daktari. Fikirini alivyokuwa. Ameambiwa dawa ile ile ni hatari, na sasa anaambiwa ndiyo uzima. Hata mimi ningesita.

Ndipo Emilia aliposema. Tangu mumewe aseme yale maneno ya mlango, mambo ya dawa alikuwa hayagusi. "Baba Castory," alisema, "niliyekosea ni mimi. Nilimpa bila kuuliza. Usimnyime kwa sababu yangu. Nilaumu mimi, yeye mwache anywe."

Thobias alimtazama mkewe. Kisha akainama mpaka uso wake ukakaribia wa mtoto. Kwa sauti ndogo, si ile ya askari, akauliza, "Nani analinda nyumba hii?"

Castory alitaka kujibu. Alivuta hewa. "Ni..." Akavuta tena. "Mi..." Kifua kilibonyea, macho yakamjaa machozi. Hakufika kwenye jina lake.

"Umeona?" Bashiri alisema polepole. "Mtoto aliyekuwa anaongea, akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, hiyo ni hatari. Hapo hatuna muda wa kubishana."

Thobias aliachia mkono wa daktari. "Nipe hicho kijiko," alisema. Akamnywesha mwanawe yeye mwenyewe, tone kwa tone, akamfuta midomo kwa kidole.

Watu hudhani wakishakubali, hofu inaisha. Hofu ya Thobias ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Alimkazia mtoto macho, akingoja mabadiliko. Hayakuja.

"Havifanyi kazi," alisema.

"Vidonge hivi havina haraka," Bashiri alimjibu. "Vinachukua saa kadhaa. Ndiyo maana hatungoji mtoto azidiwe ndipo tumpe. Wakati vikisubiriwa, tunaendelea na chupa. Na dereva wa gari la kituo nimemwambia asiende mbali. Akizidi kubanwa, tunampeleka mjini."

Wakangoja. Emilia hakubadilisha mkao, mgongo ukafa ganzi. Bibi Anjelina alifika kwa miguu, vumbi la njano bado kichwani. Alisimama mlangoni, ile soksi mkononi, hajui aitupe wapi. Bashiri alimwamkia, "Shikamoo, mama." Bibi akasahau kuitikia marahaba. Aliuliza tu, "Anapumua?"

"Anapumua, mama. Lakini hilo vumbi lipeleke nje, tena mbali. Na wewe nawa, ubadilishe nguo kabla ya kumshika. Vumbi la salfa, moshi wa jikoni, hata mafua, vyote vinaweza kukibana kifua cha mtoto wa pumu."

Bibi alitoka akinong'ona jambo kwa Kigogo. Alikaa nje juani muda mrefu, analia peke yake.

Jua lilipopita utosini, Emilia alihisi kitu. Tumbo la mtoto halikuwa likipanda na kushuka kwa nguvu kama mwanzo. Alimwinulia shati. Mbavu zilikuwa zimetulia. Filimbi ilikuwapo, lakini ya mbali. Hakuthubutu kusema, asije akakosea. Akamwita Bashiri kwa mkono tu.

Bashiri alisikiliza kifua, mbele na nyuma. Kabla hajasema neno, Castory alisema, "Mama, nina njaa."

Thobias aliruka kama ameumwa na nge. "Umesikia? Imeanza. Ile hamu imeanza."

Bashiri alicheka, na kicheko chake kiliwashusha mabega wote. "Baba Castory, mtoto hajala tangu asubuhi. Hii ni njaa. Mpeni chakula."

Walikaa kituoni mpaka Bashiri aliporidhika. Wakati wa kuondoka alitoa bahasha ya vidonge vilivyobaki, akaitia mkononi mwa Thobias, si mwa Emilia. "Kila asubuhi, akishakula," alisema. "Hata akionekana mzima kesho, usikatize. Vikiisha, usinunue vingine. Mrudishe nimwone. Na akibanwa tena, akawa anabonyea mbavu au hawezi kusema, usitafute kidonge nyumbani. Njoo hapa, hata kama jogoo hajawika."

"Na nikibakiwa na kimoja?"

"Nimekupa vinavyotosha. Kikibaki, ujue hukumpa sawasawa. Kirudishe."

Thobias aliitia bahasha mfukoni, akafunga kifungo. Kwa hiyo kidonge kilivuka mlango wake, tena kwa mkono wake mwenyewe. Asubuhi zilizofuata aliponda, akakoroga, akanywesha. Asubuhi ya mwisho alikung'uta bahasha mbele ya mkewe, ikawa tupu. "Basi," alisema. Kisha akaongeza, bila kumtazama usoni, "Siku ile ulisema vizuri, mama Castory." Kwa mtu kama Thobias, hiyo ilikuwa hotuba.

Habari zilisambaa. Mwanamke mmoja wa kijijini, Zaitun, alikuja na mtoto mchanga mwenye mafua, anakoroma kifuani. "Nigawie kimoja cha vile vya Castory," aliomba.

"Sina," Emilia alijibu, "na ningekuwa nacho nisingekupa. Twende kituoni nikusindikize." Walikwenda. Bashiri alimpima mtoto, akaona anapumua vizuri na ananyonya vizuri. Hakumpa kidonge. Alimwonyesha mama dalili za kuogopa, akamwambia arudi akiziona. Waliporudi Emilia alipita kwa Hamidu, aliyekuwa amesharudi kutoka msibani, akamsimulia yaliyompata, mbele ya wateja wake. Tangu siku hiyo lile kopo la vidonge lilikaa chini ya meza, na Hamidu akajifunza kuuliza, "Cheti cha daktari kiko wapi?"

Ukaja msimu mwingine wa salfa. Safari hii Castory na bibi yake walipelekwa kwa Zaitun, upande wa pili wa kijiji, kazi ikafanyika bila wao. Jikoni kulikuwa kumetobolewa dirisha la kutoa moshi. Thobias alipomaliza shamba lake alioga, akavaa shati safi, ndipo akaenda kuwachukua.

Uani Bibi Anjelina alikuwa akilalamika kwa Zaitun. "Amekonda mjukuu wangu. Tazama miguu hiyo. Yale mashavu yalikuwa yananipendeza, nisiseme uongo."

Thobias alisimama nje ya ua wa Zaitun, akajikohoza. "Nani analinda nyumba hii?"

Ndani kulikuwa na mbio na kelele za kuku. Kisha ikaja sauti, moja kwa moja, bila kukatika popote. "Ni mimi, Castory Thobias Ndahani, na zabibu zote ni zangu, na kuku wa mama Zaitun pia ni wangu."

Thobias alijiegemeza kwenye nguzo ya lango. Angeweza kuingia, ruhusa alikuwa ameshapewa. Akaita tena, "Nani? Sijasikia vizuri." Alikuwa amesikia kila neno.